Sauti Ikitatarika Kwenye Studio ya Nyumbani, Tafuta Kwanza Inatatarikia Wapi

Maiki ndiyo hulaumiwa kwanza. Mtu ananipigia kutoka Buhongwa au Nyegezi: "Kaka, maiki yangu imekufa, sauti inatatarika kama bisi, nikanunue nyingine mjini?" Namjibu kwamba asitoe hata shilingi kabla hajajua sauti inaharibikia wapi. Mimi hurekodi kwaya na vijana wa bongo fleva hapa Igoma, Mwanza, na hupita kwa watu kuwarekebishia studio za chumbani. Nikifika, mara nyingi naikuta maiki ni nzima.

Fungua ule wimbo wenye mikwaruzo. Tafuta sehemu moja inayotatarika, andika dakika na sekunde yake, kisha rudisha nyuma ucheze tena. Ikitatarika palepale, kwa namna ileile, uchafu umo ndani ya faili: uliingia wakati wa kurekodi. Ikihamahama, mara kwenye ubeti, mara kwenye kiitikio, basi ulichorekodi ni kizima na kompyuta ndiyo inayoelemewa wakati wa kucheza. Ukitaka uhakika zaidi, toa wimbo uwe faili la WAV, uhamishie kwenye simu, usikilize kwa iafoni za waya. Ukiwa safi kwenye simu, shukuru. Kazi yako haijapotea.

Nianze na huku kuelemewa, maana ndiko kunakosumbua wengi.

Kompyuta haitoi sauti kama maji ya bomba. Inaitoa kwa mafungu, na ukubwa wa kila fungu ndio unaoitwa bafa. Ukiweka bafa ya sampuli 128 (sampuli ni kipimo kimoja kidogo cha sauti) huku mradi wako ukiwa wa sampuli 48,000 kwa sekunde, kompyuta ina chini ya milisekunde 3 kumaliza hesabu za traki zote, mwangwi wote na plagini zote (programu ndogo za kurekebisha sauti), kabla fungu linalofuata halijahitajika. Ikichelewa kidogo tu, pale panabaki tundu, na tundu hilo ndilo linalosikika "ta!". Ukipandisha bafa hadi 512 inapata karibu milisekunde 11. Kwenye 1024 inapata karibu 21. Kwa hiyo wakati wa kumiksi weka 1024 bila wasiwasi, kwa kuwa hakuna anayeimba.

Shida huja wakati wa kurekodi. Bafa ikiwa kubwa, mwimbaji anajisikia kwenye hedifoni akiwa amechelewa, na mama wa sauti ya pili atakuambia wazi kwamba hawezi kuimba hivyo. Wengi hapo hushusha bafa hadi 64, mikwaruzo ikaanza. Angalia kwanza saundi kadi yako ya nje, kile kisanduku kinachounganisha maiki na kompyuta: nyingi zina kitufe au kinobu cha kumsikilizisha mwimbaji sauti yake moja kwa moja kutoka kwenye maiki, kabla haijaingia kwenye kompyuta. Kitumie, kisha nyamazisha traki inayorekodiwa ndani ya programu ili asijisikie mara mbili. Bafa inabaki 512, mwimbaji ametulia, na kompyuta inapumua. Kwa kwaya sijaona njia bora kuliko hii.

Kama unatumia Windows, hakikisha programu yako inapita kwenye draiva (programu inayoendesha kifaa) ya ASIO iliyotolewa na watengenezaji wa saundi kadi yenyewe. ASIO ilitolewa na Steinberg mwaka 1997 ili programu ya muziki iongee na kadi bila kupitia kwenye mchanganyiko wa sauti wa Windows, unaoongeza ucheleweshaji. Kadi isiyo na draiva yake inaweza kusaidiwa na ASIO4ALL, ambayo ni ya bure. Mwenye Mac asihangaike na hili.

Kisha linganisha idadi ya sampuli kwa sekunde. Biti (mdundo) uliyopakua ni ya 44,100, mradi umeuweka 48,000, na mipangilio ya sauti ya Windows nayo inasema vingine. Chagua namba moja, iwe ileile kila mahali. Funga kivinjari chenye video na ondoa hedifoni za Bluetooth. Hizo hata bila mikwaruzo huchelewesha sauti, hazifai kurekodia.

Ukiwa umefanya yote hayo na bado inatatarika, pakua programu ya bure iitwayo LatencyMon, iache ifanye kazi kwa dakika kumi hivi huku ukiendelea na wimbo. Itakuonyesha draiva inayoishika prosesa muda mrefu kupita kiasi. Ukiona jina ndis.sys, tazama upande wa mtandao: zima waifai wakati wa kurekodi. Ukiona ACPI.sys, tazama upande wa betri na umeme: toa kompyuta kwenye mpangilio wa kubania betri, weka ule wa nguvu kamili, na uzuie Windows isilaze matundu ya USB. Badilisha kitu kimoja, sikiliza, ndipo uende kingine. Anayebadilisha vitano kwa mpigo hata akipona hajui dawa ilikuwa ipi, na tatizo likirudi anaanza upya.

Kuna jambo la hapa kwetu ambalo maelekezo mengi hayaligusi: joto. Chumba kina magodoro ukutani, blanketi mlangoni, feni imezimwa ili isisikike kwenye maiki, na juu ni bati. Saa nane mchana humo ndani ni tanuri. Prosesa ikipata joto kali hujipunguzia mwendo yenyewe ili isiungue, na bafa iliyokuwa inatosha asubuhi haitoshi tena. Dalili yake ni hii: wimbo unaanza vizuri, kisha baada ya nusu saa unaanza kutatarika, na ukipumzika kidogo unapona. Inua kompyuta mpakato juu ya vipande viwili vya ubao ili hewa ipite chini, isikae juu ya kitanda kamwe. Safisha vumbi kwenye matundu ya hewa. Msimu wa vile vidudu vya ziwani vinavyofuata taa usiku, navyo huingia humo. Washa feni kati ya teki na teki. Kama unaweza kuchagua, rekodi asubuhi.

Sasa ikiwa uchafu umo ndani ya faili, vuta picha ya wimbi karibu mpaka uone mstari mmoja mmoja. Vilele vilivyokatwa bapa maana yake sauti iliingia kubwa mno ikagonga dari ya 0 dB. Hakuna plagini itakayoirudisha kikamilifu, rekodi tena. Shusha geini (kinobu cha nguvu ya maiki) mpaka mwimbaji akipaza kabisa asipite -10 dB hivi. Ukirekodi kwa ubora wa biti 24 (hapa si mdundo, ni kipimo cha kina cha faili) huna sababu ya kuogopa sauti kuonekana ndogo. Wimbi likikatika ghafla kama limekatwa kwa mkasi, sampuli zimepotea njiani: rudi kwenye bafa, au achana na habu ya USB na uchomeke saundi kadi moja kwa moja kwenye kompyuta kwa waya mfupi.

Ukiona miiba isiyo na mpangilio, shika waya. Mtu mmoja asikilize, mwingine auchezeshe taratibu kwenye ncha zake. Karibu na ziwa unyevu hula vichwa vya waya na matundu yake, kwa hiyo visafishe kwa spreyi ya kusafishia vifaa vya umeme, uache vikauke. Kabla ya kuchomoa maiki ya kondensa zima kwanza umeme wake wa volti 48 na ushushe geini. Na maiki yenyewe ijaribu mwisho, kwa kuweka nyingine kwenye waya uleule na tundu lilelile.

Mlio wa "mmm" usiokoma ni kitu kingine. Huo ni umeme wa ukutani, hezi 50. Chomoa chaja, utumie betri, usikie kama unaondoka. Lakini kama ni "ta" inayokuja kila friji au pampu ya jirani inapowaka, au muda wote fundi wa mageti anapochomelea, basi ni umeme unaoyumba. Hapo rekodi kwa betri, kadi ikila umeme wa USB, au nenda ukaongee na fundi mkubaliane saa.