Namna ya Kuandaa Kambi ya Tenisi ya Watoto Katika Likizo ya Agosti

Jijini Nairobi, likizo ya Agosti inafaa sana kwa kambi ya tenisi, kwa kuwa asubuhi nyingi huwa na mawingu na ubaridi, na mtoto anaweza kukimbia saa nzima bila kuunguzwa na jua. Anayeandaa kambi ya namna hiyo Mombasa au Dar es Salaam hana budi kuanza saa moja asubuhi, kuwatoa watoto uwanjani kabla ya saa nne, na kuwarudisha baada ya saa kumi.

Watoto wagawanywe kwa rangi ya mpira, si kwa darasa la shule. Mpira mwekundu, unaokusudiwa watoto wa hadi miaka 8, una kasi pungufu kwa takriban asilimia 75 ukilinganishwa na ule wa kawaida wa manjano. Wa rangi ya chungwa hupungua kwa asilimia 50, na wa kijani kwa asilimia 25. Tangu mwaka 2012, Shirikisho la Kimataifa la Tenisi haliruhusu mpira wa kawaida katika mashindano ya watoto wa miaka 10 na chini. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi na mpira hukimbia kuliko pwani, kwa hiyo mwandaaji asisite kumwanzisha mtoto wa miaka 9 kwa mpira mwekundu. Wapo wazazi watakaonuna; waelezwe mapema.

Uwanja mmoja unatosha watoto wengi kuliko inavyodhaniwa. Upana wake, pamoja na njia za pembeni, ni mita 10.97, na huo ndio urefu wa uwanja wa mpira mwekundu. Funga kamba kutoka ua wa nyuma hadi katikati ya wavu, sentimita 80 kutoka ardhini, uiegemeze kwenye viti inapolegea, kisha fanya vivyo hivyo upande wa pili: umepata viwanja vinne vidogo, vya kuchezwa kwa kukingama.

Sasa michezo ya nje, ambayo waandaaji wengi huichukulia kama ya kupoteza muda. Kambi yangu ya kwanza niliijaza mazoezi ya raketi asubuhi na jioni, na siku ya tatu watoto walikuwa wakilalamikia mabega. Siku hizi alasiri tunacheza kati, ambayo Watanzania huiita rede, kwa mpira wa soksi kuukuu. Mtazame mtoto anayerusha: anageuza ubavu, anainua kiwiko nyuma ya sikio, anahamishia uzito mguu wa mbele, mkono unafyatuka. Hiyo ni sevu, yaani pigo la kuanzisha mchezo, bila raketi. Aliye katikati naye anajifunza kuyumba kando upesi bila kupishanisha miguu, jambo ambalo kocha angelifundisha kwa wiki nzima.

Siku moja iwe ya matembezi. Msitu wa Karura, jijini Nairobi, una njia zilizo wazi, maporomoko na mapango. Watoto wavae viatu vilivyokwisha kuzoea miguu, kila mmoja abebe maji yake, na mtu mzima mmoja atangulie, mwingine afunge msafara.

Kila jioni mipira ihesabiwe kabla ya lango kufunguliwa, kwa sababu ule mwekundu ni laini na hutoshea vizuri sana mkobani.