Picha kali: anza na kasi, lenzi mpya ingoje

Picha zikitoka na ukungu, wengi hukimbilia kununua lenzi. Nawasihi ngojeni. Mara nyingi ni mkono uliotikisika au mtu aliyesogea, na dawa yake tayari imo ndani ya kamera yako.

1. Weka kasi ya shata kwanza, yaani muda ambao pazia la kamera hubaki wazi kupokea mwanga; 1/50 ni sehemu moja ya hamsini ya sekunde. Kwa kitu kilichotulia, tuseme mlango wa kuchongwa wa Mji wa Kale, fuata urefu wa fokasi, ile namba ya milimita iliyoandikwa kwenye lenzi: milimita 50 itake 1/50 au zaidi, milimita 200 itake 1/200. Mpita njia, 1/250. Watoto wanaojitosa baharini, 1/1000. Hapa ndipo picha nyingi huharibika, kwa hivyo kasi usiifanyie ubahili.

2. Tundu la lenzi liwe f/5.6 hadi f/8 (namba ikikua, tundu hupungua). Ukilibana hadi f/22, mwanga hutawanyika ukipenya na picha nzima hulegea.

3. Pandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga. Vichochoro vyetu vina kivuli hata jua likiwaka. Nenda 1600 bila hofu. Chenga kidogo, vile vidoadoa vya ISO ya juu, zavumilika, lakini uso uliotikisika hautengenezeki.

4. Fokasi: chagua nukta moja, iweke kwenye jicho lililo karibu nawe. Bana viwiko mbavuni, toa pumzi, bonyeza polepole. Piga tatu mfululizo.

Maswali

Maalim, kamera yangu ni ya sensa (kipokea mwanga) ndogo, aina ya APS-C. 1/50 yatosha kwa lenzi ya 50?
Haitoshi. Zidisha 50 kwa 1.5, upate 75, kwa hivyo anzia 1/80.

Nikitoka chumba chenye AC lenzi yajaa ukungu. Nifute?
Usifute, dada, utarudi uleule. Hewa ya pwani ina unyevu mwingi, nao hugeuka matone ukigusa kioo baridi. Funga kamera ndani ya mfuko wa plastiki kabla hujatoka, uiache humo hadi ipate joto la nje, kama nusu saa hivi.

Shukran maalim. Nilipiga Fort Jesus usiku kwa stendi, bado imetikisika. Kwa nini?
Angalia mambo matatu, ndugu yangu. Zima kizuia mtikiso. Juu ya stendi, baadhi ya lenzi huleta mtikiso zenyewe. Tumia kipima muda cha sekunde 2 ili kidole kisisukume kamera. Tena upepo wa bahari: usivute nguzo ya katikati, ning'iniza mkoba chini yake, uguse ardhi kidogo usije ukapembea.