Mkwaruzo mdogo kwenye kioo cha mbele cha gari

Osha kioo, kikauke, kisha pitisha ukucha juu ya mkwaruzo. Ukucha ukikwama, usihangaike nao. Mkwaruzo umeingia ndani, mwachie fundi wa vioo. Ukucha ukiteleza, tafuta unga wa seriamu oksidi, ule wanaong'arishia vioo mafundi. Ukoroge na maji uwe kama uji mzito, usugue kwa pedi laini, mizunguko midogo midogo, bila kukandamiza. Usiuache ukauke! Nyunyizia maji kila mara, maana kioo kikipata moto sehemu moja chaweza kupasuka. Mbele ya macho ya dereva sugua kidogo sana. Ukizidisha, barabara utaiona imepindapinda. Kagua na mipira ya wipa pia, mara nyingi mchanga ulionasa hapo ndio uliochora kioo.