Fensi ya malisho isiwe mtego: jua kwanza swala na pundamilia wanaishije katikati yetu

We unayepakana na pori, kabla hujamwaga hela kwenye fensi elewa huyu mla nyasi anabakije hapo na watu wote hawa. Kwanza anabadili masaa. Mchana anajibana vichakani, giza likiingia ndo anatoka kula, na hii sio stori maana mwaka 2018 jarida la Science lilitoa utafiti wa spishi 62 za mamalia kwenye mabara 6 ukaonyesha wanasogea usiku pale watu wanapowabughudhi. Pili hatembei mbali kama walioko mbali na watu, kwa hiyo ukimzibia njia moja tu ya kwenda maji, ama anakufa ama anapita katikati ya mahindi yako, sasa chagua.

Kwa hiyo ziba mazao, usizibe kila kitu. Bustani na mahindi weka fensi ya kubana, ndefu, sawa kabisa. Ila fensi ya malisho ya ng'ombe waya wa chini uwe laini usio na miiba, juu ya ardhi sm 40 hivi ili wanaopenda kupenya chini wapite, wa juu uishie kama mita moja, na kati ya waya mbili za juu acha sm 30 maana mguu wa nyuma ndo unanasaga hapo mnyama akiruka. (Wenye mbuzi hii haiwahusu, watatoka wote.)

Lingine ni nyasi. Wengi wanafukuza pundamilia mwaka mzima wakati majaribio ya Laikipia, Kenya, yalionyesha kiangazi kweli ng'ombe wanakosa lakini mvua zikiwepo wanaongezeka uzito zaidi wakichunga pamoja na wanyamapori, kwa sababu pundamilia anakula yale mashina makavu ya juu na majani mabichi ya chini yanabaki wazi. Basi pigania nyasi zako kiangazi, masika punguza kelele. Na zizi ukilihamisha hamisha, lile la zamani lenye samadi linaotaga nyasi nzuri ambazo swala pala wanazipenda, tena pako wazi wanamuona chui mapema.

Nyumbu tu ndo sina utani naye, wakizaa toa ng'ombe eneo hilo kabisa, ndama wao wanasambaza virusi vya homa inayoua ng'ombe na hadi leo haina dawa.