Lala bila kelele za simu, lakini dharura ikufikie

Wengi hawazimi simu usiku kwa kuhofia kukosa habari ya mgonjwa au msiba, kwa hiyo wanaamshwa na kila ujumbe wa kundi. Hakuna haja. Fungua Mipangilio, tafuta “Usinisumbue” (Do Not Disturb), weka ratiba ya saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi, kisha ruhusu simu za anayerudia kupiga. Ya kwanza itakaa kimya; akipiga tena ndani ya dakika 15 kwenye Android, au dakika 3 kwenye iPhone, italia. Mwenye shida ya kweli hupiga mara mbili, mwenye umbea huacha ujumbe.

Ila waambie nyumbani mapema: “Usiku piga mara mbili, kwa laini ileile.” Mama akianza na laini yake kisha akaazima ya jirani, simu hailii. Simu za WhatsApp pia usizitegemee hapa. Kwa ndugu walio Oman au Uingereza wanaopiga kwa WhatsApp tu, hili halitoshi. Na hakikisha kengele ya kuamka imeruhusiwa, jaribu mchana kwanza.