Kusia mbegu za bustani Nyanda za Juu Kusini: pima ubaridi wa udongo kwanza

Pakiti ya mbegu ikisema "huota siku 5 hadi 7", hesabu hiyo ni ya udongo wenye nyuzijoto 20 hadi 25. Sasa chukua pakiti hiyohiyo ya marigoldi uisie Uyole au Njombe mwezi Juni. Itachukua wiki mbili, na sehemu kubwa ya mbegu itaoza kabla ya kuchomoza. Mtu anaona jua la saa saba mchana linachoma, anasema joto lipo. Lakini mbegu haikai hewani. Imelala sentimita moja chini, ndani ya udongo uliokaa baridini usiku kucha na ambao haupati moto mpaka karibu adhuhuri. Mbegu nyingi zinazolaumiwa kuwa "feki" huku kwetu zilikuwa nzima, ila zilisiwa wakati usio wake.

Kwa hiyo anza na kalenda. Mbeya mjini uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Iringa mjini chini kidogo ya hapo, Njombe inakaribia mita 2,000, na Makete inapanda zaidi. Mvua ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei. Kwa mwaka kuna nafasi mbili nzuri za kusia. Ya kwanza ni mwisho wa Agosti hadi Septemba, kwa mimea inayopenda joto: marigoldi, zinia, kosmosi, mrehani, pasheni, magogwe (nyanya za mti). Utamwagilia kwa keni kwa wiki kadhaa, lakini mvua za kwanza zikishuka, miche ya maua itakuwa tayari kwenda bustanini. Ya pili ni Februari hadi mwanzoni mwa Aprili, kwa maua yanayopenda ubaridi, kama kalendula, pansi na snapdragoni. Haya yakisiwa Septemba huchanua kidogo na kuchoka mapema. Yakisiwa Februari yanakuja kushamiri kwenye kipupwe, wakati bustani nyingine zimekauka. Tukuyu kuna hesabu yake: mvua haikatiki kwa muda mrefu, na adui mkubwa kule ni maji kuliko baridi, hivyo kitalu cha Tukuyu kinahitaji paa lisilovuja.

Mahali pa kitalu pana uzito sawa na tarehe. Vinyungu, yaani bustani za mabondeni, vinavutia kwa sababu maji yako jirani, lakini hewa baridi ni nzito, usiku inateremka na kutuama mabondeni. Ndiyo maana jalidi ya Juni na Julai huunguza viazi vya bondeni na kuviacha vya mlimani mita chache juu yake. Weka kitalu kwenye mteremko, sehemu ya kati. Ukiwa na ukuta wa tofali, tumia upande wake unaotazama kaskazini: miezi ya baridi jua letu linapita kaskazini, ukuta huo unapata jua mchana kutwa na kuurudisha ule moto taratibu jioni.

Udongo wa kusia si udongo wa kupandia. Mchanganyiko unaofaa ni ndoo mbili za udongo wa juu wa msituni, ndoo moja ya mchanga wa mtoni uliooshwa, na ndoo moja ya mboji iliyooza kabisa, vyote vikipita kwenye chekeche. Udongo mwekundu wa Iringa hushikana na kuwa kama tofali, kwa hiyo ongeza mchanga hadi ndoo moja na nusu. Udongo wa majivu ya volkano wa Mbeya na Rungwe ni mwepesi tayari, punguza mchanga uwe nusu ndoo. Usichanganye samadi mbichi, inaunguza mizizi. Na kwa walio Mafinga, ambako maranda yamejaa kila kona: maranda mabichi yasiingie kwenye trei. Vijidudu vinavyoyaozesha vinakula naitrojeni ya udongo, na miche inabaki ya njano hata uimwagilie vipi. Yaache yaoze mwaka mzima, au yatandaze tu kwenye njia za kupitia.

Kisha pika udongo. Wengi wanaruka hatua hii, halafu wanalia na kinyausi, ugonjwa unaolaza miche michanga. Chukua debe, weka maji ya kina cha sentimita 5, panga mawe yanayozidi kina cha maji, juu yake bati lililotobolewa, kisha udongo wenye unyevu kidogo ndani ya kiroba. Funika. Katikati ya udongo fukia kiazi mviringo kidogo. Mvuke ukianza kutoka, hesabu nusu saa, kisha toa kiazi. Kikiwa kimeiva, na udongo umeiva. Kikiwa kigumu, endelea. Uache upoe usiku mmoja ukiwa umefunikwa kabla ya kuutumia.

Kabla ya kusia pakiti nzima, jaribu mbegu 10 kwenye kitambaa chenye unyevu, kikunje, kiweke kwenye bakuli lililofunikwa karibu na jiko. Zikiota 8, sia kawaida. Zikiota 5, sia mbegu mara mbili ya kawaida. Zikiota 2, tafuta mbegu nyingine. Mbegu zenye rangi ya waridi, kijani au bluu zimepakwa dawa: vaa glavu, na usimwagie kuku zinazobaki.

Trei inaweza kuwa dumu la mafuta lililokatwa ubavuni na kutobolewa chini. Jaza udongo kina cha sentimita 6 hadi 8, usawazishe kwa kibao, mwagilia, uache maji yashuke, ndipo usie. Kina cha kufukia ni mara mbili ya unene wa mbegu, si zaidi. Zinia na kosmosi, nusu sentimita. Petunia ni vumbi tupu, gramu moja ina mbegu elfu kadhaa: changanya na mchanga mkavu kijiko kimoja, nyunyiza juu, usifukie kabisa, kwa sababu inataka mwanga ili iote. Ukishamaliza, usimwagilie tena kutoka juu. Kalisha trei kwenye beseni lenye maji ya kina cha vidole viwili mpaka uso wa udongo ubadilike rangi, kisha iondoe.

Funika kwa nailoni angavu au kipande cha kioo, uiweke jikoni mahali penye uvuguvugu, si juu ya jiko. Hapo sasa macho yasibanduke. Siku ile unapoona mche wa kwanza umechomoza, toa nailoni na uipeleke trei kwenye mwanga. Ukichelewa siku mbili tu, miche inarefuka kama uzi na haitarudi kuwa minene. Kama umesia kwenye tuta na kutandaza nyasi kavu, kanuni ni hiyohiyo, ila ondoa nyasi jioni ili jua la kwanza lisiwakute watoto wachanga.

Kuna mbegu ambazo joto peke yake haliziamshi, kwa sababu ganda halipitishi maji. Nyingi ni za jamii ya mikunde. Miwati humwagiwa maji yaliyochemka na kuachwa humo yapoe mpaka kesho yake. Zilizovimba ndizo za kusia. Lusina inataka maji ya moto yaliyoondolewa jikoni na kuachwa dakika chache, maana yakiwa yanachemka yanaua kiini. Kaliandra iloweke kwenye maji ya kawaida siku mbili, na utupa usiku mmoja. Jakaranda haina ganda gumu: iloweke siku moja, ilaze ubapa, ifunike kidogo. Utupa ni dawa nzuri ya wadudu na ua lake linapendeza kwenye uzio, ila ni sumu kali ya samaki, usiupande kando ya bwawa. Miwati, kwa mawazo yetu, haifai bustani ya nyumbani. Ikishadondosha mbegu, utaing'oa miaka na miaka.

Kwa matunda, upya wa mbegu ndio kila kitu. Pasheni: kamua nyama na mbegu kwenye kikombe, acha zichachuke siku mbili au tatu, osha, sia mara moja. Zitachukua wiki mbili hadi nne. Mbegu iliyokaa mwaka kabatini inaweza kukuweka miezi. Magogwe huoshwa vivyo hivyo na kukaushwa kivulini. Mche wake una mizizi ya juujuu na matawi yanayokatika, kwa hiyo pa kuupandia pawe nyuma ya ukuta au uzio, penye kinga ya upepo. Kokwa la parachichi lisikauke: liweke upande bapa chini, ncha juu, nusu yake ikiwa nje ya udongo. Lakini elewa unachopata. Kokwa la Hass, aina ya parachichi la sokoni, halizai Hass. Utakachopata ni shina la kubebeshea kikonyo, yaani kijitawi cha aina unayoitaka, na ukiliacha bila kubebesha, utasubiri miaka mingi upate tunda usilolijua.

Viungo vya jikoni vina tabia tofautitofauti. Giligilani ni mbegu mbili ndani ya gamba moja, zivunje taratibu kwa kuviringisha chupa juu yake, kisha sia palepale zitakapokaa, kwa maana zikihamishwa hukimbilia kutoa maua. Pasili huota wiki tatu hadi nne na wengi huimwaga wakidhani imekufa. Iloweke usiku kucha na uvumilie. Mrehani hauvumilii baridi, usiusie kabla ya mwisho wa Agosti. Rozmari kwa mbegu ni kupoteza muda: chache huota na hukua polepole, kata kipande cha sentimita 10 uchomeke kwenye mchanga. Nanaa na mchaichai vilevile, gawa shina.

Pareto inastahili nafasi kwenye bustani za Makete na Njombe hata kwa asiyeuza. Ua jeupe lenye kitovu cha njano, safi kwa ukingo wa njia. Mbegu zake ni ndogo, sia juujuu kama petunia. Inahitaji usiku wa baridi ili ifunge vitumba. Ukiipeleka tambarare kwenye joto itatoa majani na kukunyima maua. Kuhusu okidi za Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, ambazo kila mtu anataka kuzijaribu: mbegu yake haina akiba ya chakula, huota kwa msaada wa kuvu maalum wa udongoni. Trei ya nyumbani haitaiotesha, na kung'oa mimea hifadhini ni kosa.

Miche ikishaota, adui wa kwanza ni kinyausi. Shina linanywea usawa wa udongo, mche unalala, na asubuhi inayofuata jirani zake nao wamelala, doa likipanuka kama duara. Chanzo ni vimelea vya udongoni wanaopenda unyevu, ubaridi na msongamano. Huku kwetu kosa kubwa ni kumwagilia jioni: trei inalala imelowa na baridi. Mwagilia saa tatu au saa nne asubuhi. Duara likionekana, chomeka kijiko uliondoe pamoja na udongo wake, punguza miche iliyosongamana, acha uso ukauke kidogo. Miche iliyolala haiinuki, usihangaike nayo.

Sota, kiwavi anayekata miche usiku, ni suala jingine. Mche unakatwa safi kama kwa kisu, mchana hakuna mdudu. Fukua asubuhi hiyohiyo sentimita 2 hadi 5 kuuzunguka, utamkuta amejikunja. Pete ya kopo au karatasi ngumu iliyozamishwa sentimita 2 kuzunguka kila mche inamzuia.

Kuatika, yaani kuhamishia mche kwenye kiriba, kufanyike ukiwa na majani halisi mawili, yaani yale yanayokuja baada ya majani ya mbegu. Mwagilia saa moja kabla, chomoa kwa kijiti, shika jani, usishike shina, kwa kuwa jani lingine litaota na shina ni moja tu. Kwenye viriba tumia udongo ndoo tatu, samadi iliyooza ndoo mbili, mchanga ndoo moja. Marigoldi izamishe hadi kwenye majani ya mbegu, itatoa mizizi zaidi. Pansi ibaki usawa wake. Zinia heri isiatikwe, isie bustanini kwenyewe, sentimita 30 kwa 30. Ukiibana, ubwiri unga utaipaka majani meupe kabla ya Februari. Wiki mbili baada ya kuatika, mpe mche maji ya samadi, kikombe kimoja kwa vikombe 10 vya maji. Urea usiiguse.

Siku 7 hadi 10 kabla ya kuhamisha, punguza maji na uondoe kivuli hatua kwa hatua: kwanza asubuhi tu, kisha mpaka saa sita, mwishowe siku nzima na usiku. Subiri mvua ilowanishe udongo kina cha kiganja. Ile manyunyu ya kwanza ya Novemba hudanganya, hufuatiwa na wiki mbili za jua. Panda jioni au siku ya mawingu, marigoldi sentimita 25 hadi 30, kosmosi 40, pasheni mita 3 kwenye waya.

Mbegu za mwaka unaofuata zichukue kwenye vichwa vilivyokauka juu ya mti, mchana mkavu wa Mei au Juni. Za F1, yaani chotara, ziache, watoto hawafanani na mzazi. Kausha kivulini wiki moja, tia kwenye bahasha ya karatasi, andika jina na mwezi, weka ndani ya chupa ya kioo yenye mchele uliokaangwa na kupoa, vijiko vitatu vikubwa, ambao utanyonya unyevu. Badilisha mchele huo kila mvua zinapoanza. Wa Tukuyu waubadilishe kila mwezi.