Kuongeza kasi kwa anayeanza mashindano ya baiskeli za milimani: mazoezi ya wiki nane ukiwa Moshi

Wengi wanaoanza hawacheleweshwi na uvivu. Wanatoka karibu kila siku, na kila siku wanakazana kiasi kile kile: si taratibu kiasi cha kupumzisha miguu, wala si kwa nguvu ya kuuzoesha mwili kitu kipya. Moshi inachangia kosa hili. Ukitoka mjini kuelekea Kibosho, Uru au Old Moshi unapanda tu, kwa hiyo siku uliyopanga iwe nyepesi inageuka kuwa siku ya mlima.

Dawa yake ni kugawa njia. Kaskazini iwe ya siku ngumu, kusini iwe ya siku nyepesi. Barabara ya kwenda TPC, kwenye kiwanda cha sukari, ni tambarare. Ondoka saa kumi na mbili asubuhi kabla joto la huko chini halijapanda. Uendeshe huku ukiweza kuongea sentensi nzima bila kuhema. Ukishindwa, weka gia nyepesi, hata kama mwenye baiskeli ya mizigo amekupita.

Siku nne kwa wiki zinatosha. Jumanne ni vipindi vya mlima. Alhamisi ni saa moja nyepesi. Jumamosi ni kona na kuondoka kwa kasi. Jumapili ni safari ndefu: anza na dakika 90, ongeza dakika 15 kila wiki. Wiki ya nne punguza muda wote kwa theluthi moja, kwa sababu nguvu hujengeka ukipumzika.

Jumanne ndiyo siku yenye faida kubwa kuliko zote. Pasha mwili moto kwa dakika 20, kisha tafuta kipande cha mlima kisicho na makutano, chenye urefu wa dakika nane hivi. Wiki mbili za kwanza panda mara tatu, dakika tano kila mara; baadaye panda mara nne, dakika nane kila mara. Katikati shuka taratibu na upumzike dakika nne. Nguvu iwe nane kati ya kumi, yaani unaweza kutamka maneno matatu au manne tu. Weka alama ulipofika mara ya kwanza, jiwe au mti. Mara ya mwisho ufike hapo hapo. Ukiishia chini sana, ulianza kwa pupa, na wiki ijayo uanze kwa nguvu ndogo zaidi. Hesabu pia mizunguko ya mguu mmoja kwa sekunde 15. Ukipata kati ya 18 na 21 uko vizuri. Ukipata 13, gia ni nzito mno: mapaja yatakwisha mapema na magoti yataanza kuuma.

Kwenye changarawe usisimame ovyo, maana uzito ukitoka nyuma tairi linazunguka bure. Ukikaa nyuma sana, gurudumu la mbele linanyanyuka. Sogea kwenye ncha ya siti, shusha viwiko, kifua kikaribie usukani.

Kwa kona, tafuta kiwanja cha udongo na uweke mawe mawili umbali wa mita 15. Zungukia jiwe mara kumi kulia, mara kumi kushoto. Funga breki kabla ya kona kwa kidole kimoja kila mkono, achia unapoingia, shusha mguu wa nje, na macho yatazame unakotokea. Tairi linalofungwa breki halibaki na mshiko wa kutosha kupinda. Ndiyo maana wanaoshika breki katikati ya kona huteleza, hasa udongo mwekundu ukilowa. Usijifunzie kasi ya mteremko kwenye njia za vijijini. Kuna watoto wa shule, akina mama wenye mikungu ya ndizi na bodaboda zinazotokea ghafla.

Kuanzia wiki ya tano, Jumamosi ongeza kuondoka mara sita: mguu mmoja chini, gia ya wastani, sekunde 20 kwa nguvu zote, kisha dakika mbili kwa nguvu ya nane kati ya kumi. Pumzika dakika nne kila mara. Mbio hizi huamuliwa sana kabla ya kuingia njia nyembamba. Ukiingia nyuma, unasubiri wengine.

Upepo wa tairi hupuuzwa mno. Mtu wa kilo 70 mwenye tairi la inchi 2.2 lenye tyubu aanze na psi (kipimo cha upepo kwenye geji ya pampu) 26 mbele na 29 nyuma. Likijazwa 45, baiskeli inarukaruka juu ya mawe na kupoteza mshiko. Likishuka sana, rimu inabana tyubu na kutoboa matundu mawili yanayokaribiana. Tundu moja dogo mara nyingi ni mwiba wa mgunga: papasa tairi kwa ndani na uutoe kabla ya kuweka tyubu mpya. Kwenye cheni usiweke oili ya injini. Inakamata vumbi na kusaga meno ya gia. Weka tone moja la oili ya cheni kwa kila pingili, zungusha, halafu futa cheni kwa nje hadi kitambaa kisichafuke sana.

Safari ikizidi dakika 90, kunywa na kula mapema, kila dakika 20. Lita moja ya maji, vijiko vitano vya chakula vya sukari, robo kijiko cha chai cha chumvi na ndimu moja vinatosha kwa saa moja. Ongeza ndizi mbivu safari ikiwa ndefu.

Wiki ya mashindano kata muda wa mazoezi nusu, lakini vipindi vifupi vya kasi vibaki, la sivyo miguu italala. Siku yenyewe pasha mwili dakika 20, ondoka kwa nguvu hadi upate nafasi, kisha ndani ya dakika tatu rudi kwenye pumzi uliyoizoea Jumanne. Wanaokupita hapo kwa kuhema sana, wengi wao utawakuta kwenye mlima wa pili.